Joto, shaba na plaketi za breki

Mwenye gari la spoti la miaka ya 1960 au 1970, iwe Alfa Romeo, MGB, Porsche 911 ya mwanzo au Datsun 240Z, akitafuta plaketi mpya za breki huuziwa maneno kabla ya kuuziwa plaketi. Huyu atamwambia hizi ni za mashindano, yule atasema hizi ni za seramiki, na wa tatu atamwonyesha boksi lililoandikwa kwamba ndani hamna shaba, kana kwamba hiyo ni sifa ya kujivunia katika Kolwezi, mji wa migodi ya shaba katika jimbo la Lualaba nchini Kongo. Bei nayo hupanda kwa kadiri picha ya kwenye boksi inavyozidi kuwa ya mbio. Hoja ya makala haya ni kwamba swali la kwanza ni la joto: diski za gari hilo hufika nyuzi ngapi katika barabara linazopita kila siku? Kwa barabara za Lualaba jibu ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Ndiyo maana plaketi kali ya mashindano, licha ya ughali wake, ni chaguo la hatari hapa, na plaketi ya daraja la kati inayoshika tangu ikiwa baridi ndiyo inayomfaa mwenye gari, mradi mafuta ya breki na vifaa vingine viwe vizima.

Hesabu yenyewe ni fupi na inafaa kufanywa. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la spoti la zamani lina uzito wa takriban kilo 1,000, na likiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya kilojuli 386 hivi. Likisimama, karibu asilimia 70 ya nishati hiyo humezwa na magurudumu ya mbele, kwa kuwa uzito wa gari huinamia mbele linapopunguza mwendo. Kila diski ya mbele, basi, hupokea kilojuli 135. Diski ya chuma yenye uzito wa kilo 5 ikipokea joto hilo hupanda kwa nyuzi 55 za Selsiasi, pengine pungufu kidogo. Hivyo dereva anayekuja kutoka Likasi, akakutana na lori limekwama katikati ya barabara na kufunga breki kwa nguvu zote, diski yake huanza kwenye nyuzi 60 na kuishia kwenye nyuzi 115. Kisha huendelea na safari, upepo unaipoza, na pengine hatazigusa tena breki kwa kilomita kadhaa. Kati ya eneo la Mutoshi na katikati ya mji wa Kolwezi, ambako mwendo ni wa kilomita 40 au 50, joto linaloongezeka kila anaposimama ni dogo zaidi, maana nishati hufuata mraba wa mwendo: ukipunguza mwendo nusu, umeipunguza nishati hadi robo.

Kwenye uwanja wa mbio mraba huohuo hufanya kazi kinyume. Gari lilelile likishuka kutoka kilomita 160 hadi kusimama linaachia karibu kilojuli 990, na kila diski ya mbele inapanda kwa nyuzi 138 kwa mara moja. Rudia mara nne au tano mfululizo bila muda wa kupoa na diski imepita nyuzi 500. Huko plaketi ya kawaida hufa: utomvu unaounganisha chembe zake huanza kuungua, hewa ya moto hujitokeza kati ya plaketi na diski, pedali inabaki ngumu lakini gari halisimami. Plaketi za mashindano, kama zile ambazo kampuni ya Ferodo inaziita DS3000, zimetengenezwa kwa ajili ya hali hiyo. Zimechanganywa ili msuguano wake uwe imara kwenye nyuzi mia kadhaa. Gharama yake ni kwamba nyingi kati yake zikiwa baridi hazishiki sawasawa, hulia kama nyoka aliyekanyagwa, na huila diski. Anayezifunga kwenye gari la kutembelea Kolwezi amenunua uwezo wa nyuzi 600 ili autumie kwenye nyuzi 90.

Kuna pingamizi moja linalosikika sana katika ukanda wa shaba, nalo halistahili kupuuzwa. Barabara ya RN39 kutoka Likasi hadi Kolwezi inapitwa na malori yaliyobeba katodi za shaba na mifuko ya kobalti, na mafundi wake wanajua breki zinazopata moto hadi kutoa moshi. Kama malori yanahitaji bitana ngumu, wanauliza, kwa nini gari la spoti lisizihitaji? Jibu liko kwenye uzito. Lori na mzigo wake likifika tani 50 na kutembea kilomita 60 kwa saa, limebeba nishati ya karibu kilojuli 6,900, mara 18 ya gari letu dogo lililo kwenye mwendo wa 100. Tena lori hushuka vilima kwa dakika nyingi likishikwa na breki muda wote, jambo ambalo gari la kilo 1,000 halihitaji, kwa kuwa injini yake kwenye gia ya tatu yatosha kulizuia. Barabara ni ile moja, lakini joto la breki ni la walimwengu wawili. Hilo haliondoi ukweli mmoja unaowahusu wote: vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi la laterite huingia kati ya plaketi na diski na kusaga vyote viwili, kwa hiyo plaketi inayosifiwa Ulaya kwa kudumu kilomita nyingi hapa haitadumu hivyo, na anayelinganisha bei kwa kilomita afanye hesabu yake upya.

Hatari halisi ya plaketi ya mashindano iliyo baridi haiishii kwenye kuchelewa kusimama. Magari mengi ya spoti ya wakati ule, Datsun 240Z na MGB yakiwemo, yana diski mbele na ngoma nyuma. Ngoma hujisaidia yenyewe: ikishika, mzunguko wa gurudumu huivuta bitana izidi kushika. Sasa tuseme mwenye gari amebadilisha za mbele tu, akaweka plaketi isiyoshika ikiwa baridi, na nyuma akaacha bitana za kawaida. Mvua ya Januari inanyesha, lami ina utelezi wa tope jekundu, na mtoto anavuka. Dereva anakanyaga, mbele hapati kitu, anakanyaga zaidi, na shinikizo lilelile linafika nyuma ambako ngoma ziko tayari kushika. Magurudumu ya nyuma yanafunga kabla ya yale ya mbele na gari linageuka kisogo mbele. Wahandisi waliolisanifu gari hilo waliugawa msuguano kati ya mbele na nyuma kwa makusudi, ili mbele ifunge kwanza, kwa sababu gari lililofunga mbele huenda moja kwa moja na lililofunga nyuma huzunguka. Kubadilisha plaketi za upande mmoja bila kufikiria upande wa pili ni kuubadilisha mgawanyo huo gizani. Kwangu mimi hoja hii peke yake ingetosha, hata kama plaketi za mashindano zingegawiwa bure.

Wapo watakaosema kwamba gari linapaswa kurudishiwa kile lilichotoka nacho kiwandani, basi. Hilo haliwezekani, na ni heri. Herbert Frood, Mwingereza aliyeanzisha mwaka 1897 biashara iliyokuja kuitwa Ferodo, alianza na nguo iliyoloweshwa vitu vya kuigandisha, lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 bitana na plaketi za dunia nzima zilikuwa na asbesto. Jaguar C-Type iliposhinda Le Mans mwaka 1953 ikiwa na diski za Dunlop, na wenye magari kila mahali wakaanza kuzitamani diski, plaketi zilizofuata ziliendelea na asbesto ileile, kwa kuwa ilivumilia joto na ilikuwa rahisi. Vumbi lake huua mapafu polepole. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, Umoja wa Ulaya wote ukafuata 2005, na Marekani ikatoa katazo la krisotile, aina mojawapo ya asbesto, mwaka 2024. Boksi la plaketi za zamani ambalo halijafunguliwa, linalosifiwa kuwa ni asilia kabisa, lisifungwe kwenye gari, na ngoma ya gari ambalo halijaguswa miaka 40 isipulizwe kwa kompresa. Isafishwe kwa kitambaa kilicholowa. Mafundi wengi wa Kolwezi hupuliza.

Asbesto ilipoondoka, kitu kimojawapo kilichoingia mahali pake ni shaba, na hapa habari inawarudia watu wa Lualaba. Shaba husafirisha joto haraka, kwa hiyo hulitoa usoni mwa plaketi kabla utomvu haujaungua. Pia huacha utando mwembamba juu ya diski unaofanya msuguano usipande na kushuka ovyo. Plaketi nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zilikuwa na shaba ya asilimia 5 hadi 20 kwa uzito. Mwaka 2010 majimbo ya California na Washington nchini Marekani yalipitisha sheria za kuipunguza: isifike asilimia 5 kuanzia 2021, na isizidi nusu ya asilimia kuanzia 2025. Sababu ilikuwa maji. Vumbi la breki huoshwa na mvua hadi mitoni, na shaba kidogo sana majini hudhuru pua ya samaki aina ya salmoni, akashindwa kumnusa adui au kuijua njia ya kurudi mtoni alikozaliwa. Watengenezaji hawataki kutengeneza plaketi moja ya Seattle na nyingine ya dunia iliyobaki, kwa hiyo sheria za majimbo mawili zimebadilisha kilichomo kwenye maboksi yanayouzwa Lubumbashi.

Je, plaketi isiyo na shaba ni dhaifu? Wapo wanaoamini hivyo, na zile za awali zililalamikiwa kwa kelele na kuisha haraka. Lakini hoja ya joto inalijibu hili pia. Shaba ilikuwa ikifanya kazi yake kubwa kwenye joto la juu, lile ambalo gari la kilo 1,000 hapa halilifikii. Kwa joto la chini ya nyuzi 200, grafiti, nyuzi za chuma na mchanganyiko wa madini mengine vinatosha. Na anayelipinga neno hilo kwenye boksi kwa uchungu wa kizalendo, akiona soko la shaba yetu linabanwa, apime uzito: seti ya plaketi nne za mbele ina uzito usiofika kilo 2, na hata kwa asilimia 10 shaba yake haifiki gramu 200, ilhali gari moja la umeme hutumia takriban kilo 80 za shaba. Kongo inazalisha zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka. Soko la shaba haliamuliwi na breki. Kwa upande mwingine, anayedhani atauokoa mto wowote wa Kolwezi kwa kuchagua plaketi isiyo na shaba naye anajidanganya, maana katika mji uliozungukwa na mashimo na marundo ya mabaki ya madini, shaba ya breki haionekani hata kwenye hesabu. Maneno hayo kwenye boksi yasiwe sababu ya kununua wala ya kukataa.

Zipo herufi zenye maana zaidi, nazo hazipo kwenye boksi bali ukingoni mwa plaketi yenyewe, zimechapwa kwa wino mweupe au kugongwa kwenye bamba la chuma. Ukiigeuza plaketi utaona mfululizo wa tarakimu, kisha herufi mbili kama EE, FF au GF, na mara nyingine A, B au N pamoja na mwaka. Hizi za mwisho ndizo zinazoeleza kiwango cha shaba, N ikiwa ndiyo isiyozidi nusu ya asilimia. Zile mbili za kwanza ni msuguano. Herufi ya kwanza ni ya plaketi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni ya plaketi iliyopata moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55. Plaketi iliyoandikwa FE, kwa mfano, hupoteza nguvu inapopata joto, na FF hubaki karibu palepale. Kipimo hiki kina mapungufu: hufanyika maabara kwa kipande kidogo, na huishia kwenye nyuzi 340 hivi, kwa hiyo hakisemi lolote kuhusu uwanja wa mbio. Ila kwa hoja tunayoijenga upungufu huo ni faida, kwa sababu kipimo kinaishia pale ambapo matumizi yetu yanaishia. Mwenye gari la spoti la zamani atafute FF, mbele na nyuma, na asishawishike na GG ya mbele peke yake. Plaketi za Ulaya zinaweza pia kuwa na alama ya E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, ushahidi kwamba zimepimwa zikaonekana hazipishani na za awali kwa zaidi ya asilimia 15. Magari ya zamani sana hayahusiki na kanuni hiyo, kwa hiyo kukosekana kwa alama kwenye plaketi yake si ithibati ya ubovu. Plaketi isiyo na maandishi yoyote ukingoni, hata jina la aliyeitengeneza, irudishwe dukani.

Pingamizi lenye heshima zaidi linatoka Kenya. Safari Rally, wanasema, ilikuwa ya barabara kama zetu, vumbi na tope na mashimo, na magari yaliyoshinda ni haya haya tunayoyazungumzia: Datsun 240Z mwaka 1971 na tena 1973, la pili likiendeshwa na Shekhar Mehta, Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh mwaka 1974 na 1976, Escort ya Ford mwaka 1972 na 1977. Je, madereva hao hawakufunga breki za mashindano? Walifunga za kazi yao, naam, wakiwa na magari ya huduma yaliyowangojea njiani na mafundi wa kubadilisha plaketi kwa dakika chache. Lakini tazama orodha hiyohiyo miaka michache nyuma. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na 404 ya miaka hiyo ilikuwa na ngoma kwenye magurudumu yote manne. Mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Kama breki kali ndizo zingekuwa siri ya kushinda katika barabara za Afrika Mashariki, gari la ngoma lisingeshinda mara nne wakati diski zilikuwa zimeshaenea. Lililoshinda ni gari lililofika, na breki zake zilihitaji kufanya kazi vilevile asubuhi ya baridi na jioni ya vumbi.

Yapo mambo mawili ya Kolwezi ambayo muuza plaketi wa Ulaya hayafikirii. La kwanza ni mwinuko. Mji uko takriban mita 1,450 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina shinikizo pungufu kwa asilimia 15 hivi ikilinganishwa na pwani. Busta ya breki huendeshwa na tofauti kati ya shinikizo la hewa ya nje na la ndani ya injini, kwa hiyo msaada wake nao unapungua. Magari mengi ya spoti ya wakati ule hayana busta kabisa, na mguu wa dereva ndio kila kitu. Hii ni sababu nyingine ya kutaka plaketi inayoshika mapema. La pili ni mafuta ya breki. Mafuta hunywa unyevu wa hewani, na DOT 4 ambayo ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 230, ikishanyonya maji hushuka hadi 155. Chupa iliyofunguliwa Oktoba ikasimama kwenye rafu ya karakana msimu mzima wa mvua, kifuniko kikiwa nusu, imeshaharibika kabla haijamiminwa. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea: pedali inazama hadi sakafuni ilhali plaketi yenyewe ni nzima. Wengi waliolaumu plaketi zao walipaswa kulaumu chupa hiyo.

Ndiyo maana pesa ya kwanza isiende kwenye plaketi. Iende kwenye mafuta mapya kutoka chupa iliyozibwa, mipira ya breki isiyo na miaka 40, na kalipa ambazo pistoni zake zinarudi. Kalipa iliyoganda upande mmoja huivuta plaketi muda wote na kuipasha joto ambalo hesabu yetu ya mwanzo haikulihesabu. Baada ya hapo ndipo plaketi ya daraja la kati ichaguliwe: Ferodo DS2500 au Mintex M1144 ni mifano ya zile zinazouzwa kwa magari ya zamani ya barabarani yanayoendeshwa kwa nguvu, na zipo nyingine za kawaida zenye FF ambazo kwa Kolwezi zinatosha na kubaki. Kwa ugumu wa kupata diski za gari la namna hiyo, ambazo huagizwa Ulaya au Afrika Kusini na kungojewa, plaketi laini kiasi inayoisha kabla ya diski ni ya kuchaguliwa kwa makusudi. Ama kubandika bitana mpya kwenye bamba la zamani, kazi ambayo baadhi ya karakana huifanya kwa gundi na vaisi, ikatazwe kwenye gari lolote: gundi ya breki huiva kwenye tanuri chini ya shinikizo, na bitana iliyobandikwa vinginevyo inaweza kung'oka yote kwa mara moja.

Anayetaka kuthibitisha haya kwa gari lake anaweza kupima. Karakana za migodi zina vipimajoto vya kuelekeza vinavyosoma hadi nyuzi mia kadhaa. Vile vya kupima watu paji la uso wakati wa korona havifai, vinaishia kwenye homa. Simamisha gari baada ya safari ya kawaida na uelekeze kipimo kwenye diski ya mbele. Wenye kutaka zaidi hupaka ukingo wa diski rangi maalumu zinazobadilika kwa joto, ya kijani kwenye nyuzi 430, ya chungwa kwenye 560 na nyekundu kwenye 610. Rangi ya kijani ikibaki kijani mwaka mzima, hakuna haja ya plaketi ya mashindano. Na yule mmoja ambaye kweli atalipeleka gari lake Kenya kwenye East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, abebe seti mbili: afunge za mashindano huko, azizoeshe kwa kupunguza mwendo mara kadhaa kutoka kilomita 80 na kuziacha zipoe, abadilishe na za nyuma zilingane nazo, kisha azifungue zote kabla ya kurudi Kolwezi.